Anza na Kisima: Msikiti wa Takwa na Sisi wa Shela

Maneno haya niliyasema barazani nje ya msikiti, Shela, kisiwa cha Lamu, baada ya Alasiri, siku moja kabla ya watu kuvuka kwenda Takwa kuomba mvua. Vijana waliokuwa wakirekodi kwa simu waliniomba niyaandike, kwa sababu upepo ulikula nusu ya sauti. Nimeyaacha karibu na yalivyotoka kinywani. Nilipopotea njia, mtaniona nimepotea.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mama zangu mlio upande ule wa kivuli, ndugu zangu na wanangu wa madrasa. Nimeombwa nizungumze dakika ishirini juu ya tarikhi ya msikiti wa Takwa. Aliyenipa dakika ishirini ananijua vizuri, ndiyo maana amekaa hapa mbele na saa yake mkononi.

Mtu akiulizwa tarikhi ya msikiti huanza na aliyejenga ni nani, mwaka gani, na mnara una urefu gani. Mimi leo naomba tuanze na kisima. Hakuna sala bila udhu, na tayamamu ni ruhusa ya aliyekosa maji, haiwi desturi ya mji. Watu wachache wakitua mahali, kabla ya kuuliza kibla kiko wapi, huuliza maji yako wapi. Wakishayapata, msikiti hausimami mbali.

Tazameni Shanga, kule kisiwa cha Pate. Mtaalamu Mark Horton alichimba pale miaka ya 1980, akakuta chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe kuna misikiti mingine, mmoja juu ya mwenziwe, na ile ya chini kabisa ilikuwa ya miti, ya karne ya 8. Karne ya 8, jamani! Mtume alifariki mwaka 632, na haikupita karne mbili watu wa pwani hii walikuwa wamesimamisha fito na udongo, wakaelekea Makka. Kale kamsikiti kalikuwa kadogo, maana waliokuwa wakisali pale walikuwa wachache. Walipoongezeka walijenga tena, wakajenga tena, palepale. Hawakuhamisha mahali. Nami naamini, na hii ni rai yangu, si ya Bwana Horton, kwamba mtu hahami penye maji matamu.

Basi tuje Takwa.

Kesho wengine wenu mtaiona kwa mara ya kwanza. Iko ng'ambo hii, kisiwa cha Manda, na jina lake ukilisikia sikio linakwenda kwenye taqwa, uchaji wa Mungu. Sisemi hiyo ndiyo asili ya jina. Nasema tu ndivyo sikio linavyokwenda. Ulikuwa mji hai kuanzia karne ya 15 hadi ya 17. Haukuwa mji mkubwa. Ukuta wake ulizunguka eneo la ekari kama 12, ndani yake nyumba za mawe mia na kitu, na kwa sehemu kubwa milango yake imeelekea kaskazini, upande wa kibla. Ukisimama katikati ya magofu leo, mibuyu imeota vyumbani, unaona mji mzima umekaa kama jamaa iliyopanga safu.

Msikiti wa Ijumaa uko katikati. Paa limekwisha kuanguka, kuta zimesimama. Juu ya ukuta wa kibla, sawasawa na mihrabu, kuna nguzo ya mawe imepanda mbinguni. Huioni katika misikiti mingine. Wapo wasemao ni alama ya sheikh aliyezikwa pale. Sisi tukiwa watoto tuliambiwa ni kidole cha msikiti kinatoa shahada, na mpaka leo siwezi kuitazama nisikumbuke hivyo. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi jingine la nguzo, lina maandishi, na mwaka wake ni 1094 wa Hijria, yaani miaka ya 1680 kwa hesabu ya Miladi. Hapo ndipo watu wa Shela huenda mara mbili kwa mwaka kuomba mvua, na hapo ndipo tuendapo kesho.

James Kirkman, yule aliyechimba Gede, alifika Takwa mwaka 1951 akaanza kuchimba. Mwaka 1972 James de Vere Allen akaja kusafisha na kutengeneza, na 1982 serikali ikatangaza Takwa kuwa turathi ya taifa. Yote hayo ni mema. Lakini wanangu, msije mkadhani Takwa iligunduliwa 1951. Mtu hagundui kaburi ambalo wajukuu wanalizuru kila mwaka na sufuria ya pilau mkononi.

Sasa niwaambie nilivyoujua msikiti ule mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na mashua ya kubebea boriti, akanichukua twende Manda. Mnajua ile njia ya kwenda Takwa, unapita kwenye mkono wa bahari, mikoko huku na huku, na maji yakiwa yamejaa unafika mpaka karibu na magofu. Yakipwa, huendi wala hurudi. Ami yangu alikuwa nahodha mzuri sana isipokuwa alipokuwa akizungumza, na siku hiyo alipata mtu wa kuzungumza naye. Tulipogutuka, mashua imelalia ubavu kwenye tope, pondo limesimama peke yake kama mlingoti, na kaa wanatupita wakitutazama.

Wala hatukuwa wa kwanza kukwama kwenye maji haya. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi la Pate na la Mazrui, ukoo uliotawala Mombasa, lilishuka hapa Shela kuja kuipiga Amu, yaani mji wa Lamu. Likashindwa, likakimbilia vyomboni, na vyombo vilikuwa vimekaa juu ya mchanga kwa sababu maji yalikuwa yametoka. Wengi waliuawa pale pwani mnapochezea mpira. Baada ya vita vile Waamu wakaogopa kisasi, wakamwita Sayyid Said wa Omani, ngome ya Amu ikamalizika 1821, na mengine mnayajua. Tarikhi ya sehemu hii imeandikwa na maji kupwa na kujaa kuliko ilivyoandikwa na masultani. Lakini nimetoka nje, narudi kwenye mashua yetu.

Jua lilikuwa kali na mtungi wetu umekwisha. Ami akanipa kopo na kamba, akaniambia nenda kule penye msikiti, kuna kisima, teka maji. Nikapita kwenye tope mpaka magotini, nikatokea kwenye magofu. Ilikuwa kimya. Nikateremsha kopo, nikalisikia linagonga jiwe, linagonga tena, halafu likagusa maji. Nikavuta kwa furaha, nikapiga funda moja kubwa.

Yalikuwa maji ya chumvichumvi. Si ya bahari, maana ya bahari unayatema mara moja. Haya yalinidanganya mpaka yakashuka kooni, kisha kiu ikaongezeka.

Nikampelekea ami lile kopo. Akaonja, akamwaga, akaniambia, "Ushajua sasa kwa nini bibi zako walihama."

Hilo ndilo lililonitia katika kazi hii ya kuuliza wazee. Sababu za kuhama Takwa zinasimuliwa mbili. Wapo wasemao ni ugomvi na watu wa Pate. Wapo wasemao ni visima vilivyogeuka chumvi. Inawezekana zote mbili ni kweli, maana watu wenye kiu na watu wenye adui mara nyingi ni walewale. Lakini ukuta wa kumzuia adui unaweza kuuongeza kimo. Kisima kikigeuka, hakuna fundi.

Na kisima hugeukaje? Wanangu wa sekondari, hili lenu. Chini ya visiwa vyetu maji ya mvua hayakai kama kwenye tangi. Yanaelea. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo hukaa juu yake, kama mafuta juu ya mchuzi, na kati yao hakuna ukuta wowote, ni uzito tu unaowatenga. Wataalamu wana hesabu yake: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia kama mita 40 za maji matamu chini yake. Igeuzeni hesabu hiyo mtaona inavyotisha. Ukiteka mpaka maji yakashuka mita moja tu juu, chumvi huko chini baada ya muda inapanda mita 40. Unaona umechukua kidogo, kumbe umekaribisha bahari nyumbani. Tena Manda ni kisiwa cha mawe ya matumbawe, yana vitundu tele, bahari yaingia popote ipendapo.

Walichimba zaidi? Bila shaka, mtu mwenye kiu huchimba. Gede, kule karibu na Malindi, kisima cha kando ya Msikiti Mkuu kilichimbwa tena kuongezwa kina kwa sababu maji yalikuwa yakishuka, na upungufu wa maji ni moja ya sababu zinazotajwa za mji ule kuachwa. Kwenye visiwa kuchimba zaidi ni mbaya zaidi, maana chini ndiko iliko chumvi.

Na msidhani maji ya msikiti yalikuwa ya udhu tu. Msikiti wenyewe ulijengwa kwa maji. Matumbawe yalikatwa baharini maji yakiwa yametoka, yakichongwa yangali laini. Mengine yakachomwa juu ya magogo mpaka yakawa chokaa, na chokaa hiyo lazima iuliwe kwa maji matamu kabla ya kupakwa. Mafundi waliopo hapa, nisahihisheni kama nasema uongo. [Fundi mmoja akajibu kutoka nyuma: ukiweka maji ya chumvi, plasta yatokwa jasho mpaka yaanguka.] Mmesikia. Kwa hiyo kisima kikiharibika, udhu umekwenda, chai imekwenda, na ukuta wa msikiti nao hauna dawa.

Wakahama. Wakavuka mlango huu wa bahari wakaja Shela, safari ambayo kwa mashua na upepo mzuri mtu humaliza kabla uji haujapoa. Kwa nini hapa? Mtu akitazama leo atasema ni pwani nzuri. Zamani hizo hapakuwa na mtalii wa kuisifu pwani. Tazameni nyuma ya nyumba zetu. Ile milima ya mtanga, mingine huita matuta ya mchanga, ndiyo sababu. Mvua ikinyesha pale haikimbii kwenda baharini wala haipotei kwenye vitundu vya jiwe. Mchanga unaimeza polepole, unaichuja, na kuiweka. Ukichimba kwenye mabonde ya milima ile unapata maji matamu na bahari iko hapo unaisikia ikivuma. Wazee wale walikuwa wameshaumwa na nyoka mmoja, wakaja kutafuta mahali ambapo nyoka huyo hayupo.

Mbele yenu kuna msikiti wa Ijumaa wa Shela, wenye mnara huu mweupe mnene chini, mwembamba juu, ambao nahodha anauona akiwa bado mlangoni mwa bahari. Ulijengwa 1829. Watu wanaupiga picha kila siku. Sijaona hata mmoja akipiga picha birika, lile tangi la maji ya kutawadhia. Mimi nikiwa mtoto niliweza kukaa ukingoni mwa birika hata iqama ikakimiwa sijanyanyuka, kwa ajili ya wale samaki wadogo wanaowekwa kula viluwiluwi vya mbu. Marehemu mwalimu wangu alikuwa akisema samaki wale wanamcha Mungu kuliko mimi, kwa sababu hawatoki msikitini.

Katika birika kulikuwa na kata ya kifuu cha nazi. Ukachota, ukanawa, na mkono mmoja ukiwa umeshika kata hukuweza kupoteza maji hata ukitaka. Ndugu zangu, Mtume, sala na salamu zimfikie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja. Mudi ni kipimo chetu tukijuacho, ni kibaba. Kibaba kimoja! Vinne ndiyo pishi, ile mnayotoa fitra. Kibaba kimoja hakifiki lita moja.

Wiki iliyopita nilifanya jambo ambalo wengine mlininung'unikia. Niliweka ndoo ya lita 10 chini ya bomba pale penye kutawadhia, kabla ya Adhuhuri, nikamwacha kijana mmoja atawadhe kama kawaida yake bila kumwambia lolote. Alipofika kichwani ndoo imejaa. Miguu alioshea maji yaliyomwagika nje. Kijana huyo yupo hapa, anainamisha kichwa, simtaji, na wala hana kosa kuliko sisi wengine. Nilipojipima mimi mwenyewe siku ya pili nilipata lita saba, na nilikuwa najua napimwa.

Lakini hayo ya bomba ni madogo. Niseme lililonileta.

Visima vinavyonywesha mji wa Amu mzima viko hapa Shela, kwenye milima ya mtanga. Si sisi peke yetu. Mtu anayetawadha Langoni, mtu anayepika chai Mkomani, anakunywa mvua iliyonyesha nyuma ya nyumba zetu. Na sote tunajua kinachofanyika huko nyuma. Viwanja vimepimwa mahali ambapo hapakupasa kupimwa. Kuta zimesimama juu ya mchanga. Mashimo ya choo yamechimbwa kwenye mchanga uleule unaotuchujia maji. Bwawa la kuogelea linajazwa, na mwenye bwawa anayo pampu usiku kucha. Nilikwenda kulalamika kwenye ofisi moja, nikaambiwa nilete barua. Nikapeleka barua, nikaambiwa nilete nakala. Nikapeleka nakala, nikaambiwa mhusika yuko semina. Semina ilikuwa ya kuhifadhi vyanzo vya maji.

Cheka, cheka, lakini sikilizeni. Sisemi wageni ndio waliotuharibia, maana mgeni hajiuzii kiwanja. Aliyeuza ni mimi na wewe. Kila kiwanja kilichouzwa kule juu kina jina la mtu wa hapa kwenye karatasi ya kwanza, na pesa zake nyingine zimekuja kuchangia zulia hili tunalosalia. Nimelisema hilo mbele ya kamati ya msikiti, nikajibiwa kwamba natia fitina. Basi nalisema hapa barazani, kwenye hewa.

Mtu ataniambia, Maalim, milima ya mtanga ni mikubwa, nyumba ishirini zitaifanya nini? Nami namjibu kwamba watu wa Takwa hawakuamka asubuhi moja wakakuta chumvi. Kisima cha kwanza kiligeuka, wakasema ni kile tu, kiko karibu na pwani. Mtu akaenda kuteka kwa jirani. Kisima cha jirani, kwa kutekwa na nyumba mbili, kikachoka mapema. Simulizi hii siisomi kwenye kitabu, naikisia kwa jinsi visima vinavyokufa, na mama zangu mlio na visima uani mnajua nisemalo. Yupo hapa mama ambaye mwaka jana alinywa maji ya kisima chake, na mwaka huu anafulia tu. Nguo zenyewe hazitoi povu.

Kamati ya maji iko wazi kwa kila mtu, hukutana Jumatano baada ya Isha, na mpaka sasa tuko watu saba, watatu kati yetu wana zaidi ya miaka sabini. Ninachoomba ni vijana wawili wawe wanapima visima. Kamba yenye mafundo, kila mwezi, kina cha maji kiandikwe kwenye daftari, na ulimi wa kuonja. Mwalimu wa sayansi ameahidi kutuazimia kile kipimo cha chumvi cha shuleni. Daftari nimeshanunua.

Mwenye saa ananitazama. Namaliza na mambo ya kesho.

Kesho ni siku ya kumi na moja ya mwezi mwandamo, maji yatajaa kamili kama saa saba mchana. Mashua zitang'oka hapa saa tano, si saa tano na nusu, saa tano. Tutaingia kwenye mkono wa bahari maji yakiwa yanapanda, tufike kabla ya Adhuhuri. Sala, kisha dua penye kaburi la nguzo, kisha chakula. Wenye mashuka ya kugeuza katika sala ya mvua wayachukue. Saa nane na nusu kila mtu awe chomboni, na nahodha yeyote atakayeonekana anazungumza atakatizwa na mimi mwenyewe.

Msipande juu ya kuta za msikiti kupiga picha. Mawe yale yanaachia.

Na kila nyumba ije na mtungi au jerikeni ya maji yake, ya kunywa na ya kutawadhia, kutoka hapa Shela. Kule kisima kipo. Nilishakionja.